Galaksi iliyoacha kuzaa nyota bado inakua

Kila mwaka, galaksi yetu ya Njia ya Maziwa huzaa nyota ambazo uzito wake, zikijumlishwa, unafikia jua moja au mawili hivi. Ziko galaksi kubwa kuliko yetu ambazo kwa miaka bilioni 10 hazijazaa karibu chochote. Wengi huziita galaksi mfu, na sisi wanaastronomia tumelizoea jina hilo. Mimi naona linapotosha.

Nyota huzaliwa gesi inapojikunyata na kuporomoka kwa uzito wake yenyewe, na sharti gesi hiyo iwe baridi. Itazame M87, iliyo umbali wa miaka ya nuru milioni 55 hivi. Imezungukwa na gesi tele, lakini ya moto wa mamilioni ya nyuzi. Katikati yake limo shimo jeusi lenye uzito wa majua bilioni 6.5, lile lile ambalo picha yake ilitolewa mwaka 2019. Mikondo inayofyatuka kando ya shimo hilo huipasha gesi moto na kuizuia isipoe. Galaksi nyingine hupokonywa gesi yao zinapopita kwa kasi ndani ya kundi kubwa la galaksi.

Uzazi ukikoma, rangi ndiyo hubadilika kwanza. Nyota kubwa za buluu huishi miaka milioni kadhaa tu, hivyo hutangulia kutoweka. Zinazofuata ni nyeupe, ambazo alama za hidrojeni katika mwanga wake (mistari myeusi inayoonekana mwanga huo ukitawanywa katika rangi zake) ni nzito kuliko za nyota nyingine zote. Tukiona alama hizo zimetawala mwanga wa galaksi nzima, tunajua kwamba uzazi ulikoma hivi karibuni, yaani ndani ya miaka bilioni moja au pungufu. Baadaye hubaki nyota za manjano na nyekundu, zenye maisha marefu. Darubini ya James Webb ilizikuta alama hizo za hidrojeni katika galaksi ya GS-9209, ambayo tunaiona kama ilivyokuwa miaka bilioni 1.25 tu baada ya Mlipuko Mkuu, yaani mwanzo wa ulimwengu. Ilikuwa imekwisha kuzaa nyota zenye uzito wa majua bilioni 40 hivi, kisha ikanyamaza!

Lakini jambo lililotusumbua zaidi ni ukubwa. Galaksi zilizonyamaza miaka bilioni 10 iliyopita zilikuwa ndogo, na nyota zake zimeshonana mno. Za leo zenye uzito sawa na huo zina upana mara tatu hadi tano. Sehemu ya tofauti hiyo inatokana na galaksi pana zaidi kuchelewa kunyamaza na kuingia baadaye katika hesabu ya zilizonyamaza. Sehemu kubwa iliyobaki ni haba na haba: galaksi kubwa humeza vigalaksi vya jirani, kimoja baada ya kingine, na nyota za vigalaksi hivyo husambaa pembezoni mwake. Kitovu cha zamani hubaki karibu kama kilivyokuwa, huku upana ukiongezeka kwa kasi kuliko uzito.

Tunaliamini hilo kwa sababu tumempata shahidi ambaye hakumeza kitu. NGC 1277, katika kundi la Perseus, miaka ya nuru milioni 240 kutoka hapa, ina nyota mara mbili ya zetu zilizobanana katika robo ya ukubwa wa Njia ya Maziwa. Kwa kawaida galaksi kubwa huzungukwa na vishada vya nyota vya aina mbili: vyekundu vilivyozaliwa pamoja nayo, na vya buluu vilivyoletwa na vigalaksi vilivyomezwa. Darubini ya Hubble ilipoichunguza NGC 1277, vyekundu vilikuwepo. Vya buluu havikuonekana karibu kabisa.

Vigalaksi vya kumeza viko tele karibu yake. Ila NGC 1277 inakwenda mbio mno ndani ya kundi hilo, kiasi kwamba hupishana navyo kabla haijaweza kuvinasa.