Altrasaundi ya Mwisho Haipangi Upya Umri wa Mimba

Kauli inayonichosha kuliko zote katika chumba cha kipimo ni hii: "Kipimo kipya kimerudisha mimba nyuma wiki tatu." Mama huja na majibu mawili mkononi, ya kwanza ya wiki ya 10 na ya pili ya wiki ya 32, na kwa kuwa haya ya pili ndiyo mapya, yeye na wa nyumbani kwake huamini kuwa ndiyo sahihi zaidi. Ukweli ni kinyume chake kabisa.

Katika miezi mitatu ya kwanza vijusi karibu vyote hukua kwa mwendo mmoja, vya mama mrefu na vya mama mfupi, na ndiyo maana urefu wa kutoka utosini hadi makalioni, ukipimwa kabla ya wiki ya 14, hukadiria umri kwa tofauti ya takriban wiki moja tu. Baada ya hapo urithi, lishe, shinikizo la damu, kisukari na hali ya kondo la nyuma huanza kumtofautisha mtoto huyu na yule, hivi kwamba katika miezi mitatu ya mwisho makadirio ya umri yanaweza kupotoka kwa wiki tatu au zaidi. Mashine haijui mimba ilitungwa lini. Hupima kichwa, tumbo na mfupa wa paja, hulinganisha na wastani, kisha huchapa idadi ya wiki. Ikimchapia wiki 29 mama ambaye kwa kipimo cha mapema ana wiki 32, imesema tu kwamba mtoto ana ukubwa wa wastani wa wiki 29. Huenda ni umbo la ukoo wao, na huenda kondo halimlishi ipasavyo. Anayefuta tarehe ya zamani na kuandika mpya hufuta na tatizo lenyewe, kwa sababu mtoto anayedumaa tumboni hugeuka, kwenye karatasi, kuwa mtoto wa kawaida mwenye umri mdogo, wala hakuna atakayemfuatilia. Shirika la Afya Duniani linapendekeza altrasaundi moja kabla ya wiki ya 24. Mimi husisitiza ifanyike kabla ya wiki ya 14, na karatasi yake iambatishwe kwenye kadi ya kliniki hadi siku ya kujifungua, badala ya kuachwa nyumbani kwa kuwa "imepitwa na wakati".

Dhana nyingine huvunja ndoa. Wiki za mimba huhesabiwa tangu siku ya kwanza ya hedhi ya mwisho, ilhali mimba hutungwa takriban wiki mbili baadaye kwa mwanamke ambaye mzunguko wake ni wa siku 28. Kwa hiyo mume aliyerejea safarini wiki sita zilizopita akisoma kwamba mimba ina wiki nane, hajapata ushahidi wa jambo lolote.

Wapo pia wanaoshikilia kuwa mtoto wa miezi saba hupona na wa miezi minane hufa. Sijui wanadhani mapafu hurudi nyuma mwezi wa nane! Kwa kawaida, kila wiki ambayo mtoto njiti angeongeza tumboni humpa mapafu yaliyokomaa zaidi na nafasi kubwa zaidi ya kuishi.

Iliyo hatari zaidi ni ile isemayo kwamba mtoto anapokaribia kuzaliwa huacha kucheza kwa sababu nafasi imekwisha. Namna ya kucheza inaweza kubadilika, mateke yakawa misukumo na kujinyoosha, lakini kucheza kwenyewe hakupaswi kupungua hadi uchungu uanze. Mama anayeona mtoto wake amepunguza kucheza aende hospitali saa hiyo hiyo, hata kama ni usiku, asisubiri tarehe ya kliniki wala asipoteze muda kunywa maji ya baridi au soda ili kumwamsha.