Kinyonga jike mwenye mayai: yanayosemwa mitaani na yaliyo kweli

Jioni moja ya mwezi wa Aprili watoto wa jirani yangu hapa Nkuhungu, Dodoma, walinigongea mlango wakiwa na ndoo tupu ya rangi, na ndani yake, juu ya kijiti, alikuwamo kinyonga wa kijani waliyemwokota katikati ya barabara ya vumbi baada ya bodaboda kumkosakosa. Mkubwa wao aliishika ndoo kwa ncha za vidole. "Shikamoo mama," alisema, "eti ni kweli huyu atapasuka?" Nilipomsogeza kwenye mwanga niliona tumbo limejaa pande zote mbili, na chini ya ngozi ya ubavu vinundu vilivyopangana kama maharage yaliyofungwa ndani ya kitambaa chepesi. Alikuwa na mayai.

Swali la mtoto yule lina umri mkubwa kuliko bibi zetu. Wengi tumekua tukiambiwa kwamba kinyonga jike hupasuka siku ya kuzaa, watoto wakatoka na mama akafa papo hapo. Ukweli ni kwamba kinyonga tunayemwona mara nyingi kanda hii ya kati, yule mwenye mikunjo miwili ya ngozi kisogoni ambaye wataalamu humwita Chamaeleo dilepis, hutaga mayai kwa njia ya kawaida kama mjusi yeyote, mara nyingi makumi kwa mkupuo mmoja. Hata wale wanaozaa watoto hai, kama kinyonga wa pembe tatu wa Mlima Meru, hawapasuki: watoto hutoka mmoja mmoja, kila mmoja ndani ya utando mwembamba anaouchana mwenyewe. Nadhani dhana hii ilitokana na kumwona jike aliyemaliza kutaga, kwa kuwa huibuka shimoni akiwa amejaa udongo, mbavu zimebonyea na miguu haina nguvu, na mtu anayempita njiani anaweza kuapa kwamba mnyama huyo yu kufani. Yupo kinyonga mmoja wa Madagascar, Furcifer labordi, ambaye kweli hufa muda mfupi baada ya msimu wa kutaga, lakini hata yeye huchoka na kuzeeka kwa miezi michache tu, hapasuki.

Dhana ya pili ndiyo inayoniumiza zaidi, kwa sababu hutokana na huruma. Mtu akimkuta kinyonga chini, husema amepotea au anaumwa, kwa kuwa kinyonga ni mnyama wa mitini, basi humbeba hadi nyumbani na kumfungia. Jike mwenye mayai hushuka chini kwa makusudi. Anatafuta udongo unaochimbika, na anaweza kutembea mbali na kujaribu mashimo kadhaa kabla ya kuridhika. Kwa hiyo, ukimkuta barabarani akiwa na macho maangavu, anashika vizuri na hana jeraha, uokoaji wake unamalizika katika dakika mbili: mpe kijiti apande, mvushe kuelekea upande aliokuwa akienda, kisha mwache kwenye kichaka. Usimvute mkia wala usimbandue kwa nguvu kutoka tawini, maana vidole vyake huumia, na usimkamate kwa kumbana tumbo. Kumbuka pia kwamba kinyonga ni mnyamapori, na Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya mwaka 2009 hairuhusu kumfuga bila kibali. Kama ameumia na ni lazima akae nawe kwa siku chache, mjulishe afisa wanyamapori wa wilaya.

Wa kwetu alikuwa na mchubuko mguuni, naye alibaki.

Wapo wanaosema kwamba jike aliyefungiwa peke yake hawezi kuwa na mayai kwa sababu hajaonana na dume. Majike wa aina nyingi za vinyonga hutengeneza mayai hata bila dume, ingawa mayai hayo hayana kiinitete, na wengine huhifadhi mbegu za dume mwilini na kuzitumia kwa uzao unaofuata. Iwe yamerutubishwa au hayakurutubishwa, ni lazima yatoke. Ndiyo maana namhesabu kila jike mkubwa aliyenona ubavuni kuwa huenda ana mayai, nami humwekea udongo siku hiyo hiyo bila kusubiri uhakika.

Na hapa kwenye udongo ndipo palipo na kosa kubwa la matunzo. Watu huamini kwamba boksi lenye majani na kifuniko cha maji vinamtosha, na kwamba akihitaji kutaga atataga popote. Kinyonga huyu hatagi popote. Asipopata mahali panapomfaa huyazuia mayai, nayo yakikwama anaweza kufa nayo. Chukua ndoo ya lita 20, ijaze mchanga wa korongo uliochanganywa na udongo wa kawaida hadi kina cha sentimeta 30 hivi, kisha ulowanishe kiasi kwamba ukiufinya kiganjani unashikamana bila kutoa maji. Mchanga mkavu humwangukia ndani ya shimo, na udongo wa mfinyanzi ukikauka huwa kama tofali. Weka tawi la kushukia na kupandia, lakini lisiwe la mnyaa hata kama ua wako wote ni wa minyaa, kwa sababu utomvu wake huunguza macho. Zungushia kanga ili asione watu, kisha ondoka. Jike anayechunguliwa kila baada ya dakika kumi huacha kuchimba.

Nilimtazama wa kwetu kupitia tundu dogo la kanga. Alichimba kwa miguu ya mbele akitanguliza kichwa, akausukuma udongo nyuma, hadi ikabaki ncha ya mkia tu. Baadaye aligeuka humo humo ndani, kichwa kikaja mlangoni, naye akatulia hivyo kwa muda mrefu macho yakiwa nusu yamefumba. Alipomaliza alifukia shimo na kulishindilia kwa miguu ya nyuma. Kazi yote ilianza asubuhi na kwisha jioni. Wengine huchukua siku mbili.

Maji ya kwenye kifuniko hayamfai, kwa kuwa vinyonga wengi hawayatambui maji yaliyotuama. Hulamba matone juu ya majani. Nyunyizia majani asubuhi na jioni, hasa kiangazi chetu kinapokausha kila kitu, na usitumie kamwe pampu iliyowahi kubeba dawa ya shamba la zabibu. Macho yaliyozama ndani yanaonyesha kwamba amepungukiwa maji. Jua la asubuhi nalo ni la lazima, lakini lisipitie kwenye kioo, kwa sababu kioo huzuia mionzi inayomsaidia kutengeneza vitamini D, na bila vitamini hiyo hawezi kutumia vizuri madini ya kalisi ambayo mayai humnyang'anya mwilini. Panzi wa porini waliopakwa unga laini wa maganda ya mayai ya kuku humsaidia. Siku za mwisho anaweza kukataa kula, na hilo peke yake lisikutishe.

Lililo hatari kuliko yote ni ushauri wa kumkamua tumbo ili mayai yatoke. Tumbo likibanwa, mayai hupasukia ndani na mnyama hufa kwa maumivu makubwa. Ukiona anajikaza bila kutoa kitu, amelala sakafuni mchana macho yamefumba, au hawezi tena kushika kijiti, mpeleke kwa daktari wa mifugo siku hiyo hiyo. Daktari anaweza kumpa kalisi au dawa ya kusukuma mayai kulingana na uzito wake, na pengine kumfanyia upasuaji. Si kazi ya kujaribu nyumbani.

Kuhusu sumu, hana. Anaweza kubana kidole kwa meno yake madogo, na mate yake hayadhuru mtu, awe mjamzito au asiwe. Akigeuka mweusi na kufoka ameogopa au anajipasha joto, wala hana nia ya kukuloga.

Mama akishataga hana kazi tena na mayai. Hayaatamii wala hayalindi. Mayai hukaa ardhini kwa miezi mingi, mengine karibu mwaka mzima, kwa hiyo yasiyoanguliwa baada ya wiki tatu hayajaharibika. Ukilazimika kuyahamisha, weka alama ya penseli juu ya kila yai ili upande huo ubaki juu, na uyafukie kwa kina kile kile mahali penye kivuli, karibu na pale mama alipookotwa. Sisi tulimlaza mama siku nne zaidi kwa maji na panzi, mbavu zikaanza kujaa. Siku ya tano yule mtoto mkubwa alishika kijiti mwenyewe, bila kutumia ncha za vidole, akamsogeza kwenye mgunga ng'ambo ya barabara na kusubiri hadi mguu wa mwisho ulipoachia.