Je, wajua kwa nini mechi ya kwanza ya mgeni kwenye TV ya Korea Kusini haitoshi kumpima?

Mchezaji wa StarCraft (gemu la vita la kompyuta, unachimba madini, unajenga kambi, unatoa askari) kutoka Ulaya au Marekani, kwao anawapiga karibu wote, anahamia Seoul, anafanya mazoezi wee mpaka siku inafika anaonyeshwa laivu kwenye TV kwa mara ya kwanza, halafu anapigwa ndani ya dakika chache na watu wanaanza kusema aah kumbe huyu wa kawaida tu. Mimi hiyo hukumu siikubali, na sababu zipo ndani ya gemu lenyewe na namna Wakorea walivyolijenga.

StarCraft ilitoka mwaka 1998, ikashika moto Korea Kusini kuliko sehemu nyingine yoyote. Mwaka 2000 chaneli ya OnGameNet ilikuwa hewani ikirusha magemu tu, baadaye MBCGame ikaja kushindana nayo, na mwaka 2004 fainali ya Proleague, yaani ligi ya timu, ikachezwa ufukweni Gwangalli kule Busan ambapo waandaaji walisema walikuja watu laki moja. Timu zilikuwa na makocha na nyumba za kulala wachezaji, watu wanaamka wanacheza, wanakula, wanarudi kucheza, masaa kumi na zaidi kwa siku ilikuwa kawaida. Sasa mgeni anaingia hapo.

Kitu cha kwanza kinachomuumiza ni maandalizi. Mechi za TV haziji ghafla, mpinzani anajulikana na ramani inajulikana mapema, kwa hiyo Mkorea anakaa na wenzake nyumbani kwa timu, mmoja anajifanya yule mgeni, anaiga staili yake kutoka mechi zilizorekodiwa, wanarudia ramani ileile mpaka wapate mpango mmoja unaomgusa pale anapoumia. Mgeni mara nyingi hana jeshi la watu wa kumfanyia hivyo, na maelekezo ya kocha yanamfikia nusunusu kwa sababu ya lugha.

Halafu kuna muundo wa mashindano. Kwenye Proleague ulikuwa unacheza gemu moja tu kwenye ramani moja, ukipoteza unarudi kukaa benchi. GSL, mashindano ya Korea ya StarCraft 2, yaani toleo la pili la gemu, ilipoanza 2010 raundi za mwanzo zilikuwa za kushinda gemu mbili kati ya tatu, afadhali kidogo, ila bado ni padogo sana pa kumjua mtu.

Chukua mfano huu wa StarCraft ya kwanza. Mchezaji wa Zerg, moja ya makabila matatu ya gemu hili, anaweza kuamua haongezi mfanyakazi hata mmoja, anabaki na wale 4 wa kuanzia, anasubiri madini 200 yatimie, anajenga Spawning Pool, jengo linalomruhusu kutoa askari wa kwanza, anatoa Zergling 6, askari wadogo wa Zerg, na kuwatuma mbio kwa adui ambaye muda huo jengo lake la kwanza la askari halijaisha au ndo kwanza limeisha. Kamari tupu, maana ukiizuia vizuri yule Zerg hana uchumi wa kuendelea. Lakini kuizuia kunategemea umeiona mapema, na kwenye ramani yenye kona nne za kuanzia unatuma mfanyakazi mmoja kupeleleza, na kama kona ya adui ndo ya mwisho kuifikia basi umechelewa na hujakosea chochote. Gemu inaisha dakika ya nne, TV inaonyesha uso wa mgeni, na mtazamaji anadhani ameona kiwango chake. Hajaona kitu.

Na mwili nao una mambo yake. Wachezaji wa juu wanafanya vitendo zaidi ya 300 kwa dakika kwa kibodi na mausi, vidole vikiwa baridi vinachelewa, ndo maana utawaona wameshika vile vipakiti vya kupashia mikono kabla ya kuanza. Sheria nazo zilikuwa kali, kuandika kwenye chati maneno yasiyoruhusiwa katikati ya mechi kungeweza kukuletea adhabu. Mkorea amezaliwa na hayo kimchezo, mgeni anayafikiria kila moja.

Sasa ukitaka kumpima kweli, angalia uchumi wake akiwa vitani. StarCraft ya kwanza ilikuwa haina huruma, unachagua askari 12 tu kwa mara moja, kila jengo unalibonyeza peke yake, na kila mfanyakazi mpya lazima umtume mwenyewe kwenye madini la sivyo anasimama tu. Kwa hiyo woga ukimshika mtu, cha kwanza kuharibika huwa kile kisichoonekana kwenye vita: wafanyakazi wamesimama, majengo hayatoi askari, kambi ya pili inachelewa. Mgeni aliyepoteza vita lakini kambini kwake kila kitu kinaendelea kwa mpangilio, huyo yupo vizuri, mpe muda. Aliyeshinda kwa mbinu ya kushtukiza huku madini yamemlundikia nisingemsifia haraka. Hizo namba za vitendo kwa dakika zisikudanganye pia, mwanzoni wengi wanabonyezabonyeza tu kupasha vidole.

Historia yenyewe inaonyesha wageni wanahitaji nafasi. Guillaume Patry wa Kanada alichukua ubingwa wa ligi ya OnGameNet mwaka 2000, baada ya hapo Wakorea wakafunga mlango miaka na miaka. Jonathan Walsh wa Sweden, maarufu kama Jinro, alifika nusu fainali ya GSL mara mbili mfululizo, mwishoni mwa 2010 na mwanzoni mwa 2011, akiwa anaishi na timu ya Wakorea, na mimi naamini hilo la kuishi nao ndo lililombeba. Mwaka 2016 Mmarekani Neeb akashinda KeSPA Cup, kombe la chama cha magemu cha Korea, hukohuko Korea kwa kumpiga Mkorea Trap 4-0 fainali, Februari 2018 Scarlett wa Kanada akachukua kombe la IEM, mashindano ya kimataifa ya magemu, kule PyeongChang, Korea pia, na Novemba mwaka huohuo Serral wa Finland akawa bingwa wa dunia kwa kumfunga Mkorea Stats 4-2.

Angalia urefu wa hizo fainali mbili nilizotaja matokeo, ni za kushinda gemu nne kati ya saba. Hapo mtu anaweza kupigwa ya kwanza kwa kushtukizwa, akatulia, akabadilisha mpango, ukaona anachokijua. Kwa hiyo mgeni mpya akipoteza siku yake ya kwanza mimi nasubiri aje akutane na mpinzani yuleyule tena, niangalie kama kile kilichompiga kinampiga mara ya pili.