Kaliba ni upana, si umbali

Kaliba ni upana wa tundu la mtutu, basi. Hupimwa kwa inchi au milimita. Haikuambii risasi itafika wapi wala itamwangusha mnyama gani. Lakini kaa na wanaosindikiza wageni wa uwindaji huku kwetu Tabora, kuanzia Sikonge hadi pande za Ugalla, utamsikia mtu mzima akisema, "Ile kaliba kubwa, inafika mbali," na anachoonyesha ni raifo nyepesi ya kukoki kwa mkono yenye tundu jembamba kuliko la bunduki yake mwenyewe.

Tazama risasi tatu za Marekani: .30-06 Springfield ya mwaka 1906, .308 Winchester ya 1952 na .300 Winchester Magnum ya 1963. Zote zinarusha kichwa (kile kipande kinachoruka) chenye upana uleule, inchi .308, yaani kama milimita 7.8. Tofauti iko nyuma, kwenye ganda linalobeba baruti. La .308 lina urefu wa milimita 51, la .30-06 lina 63, na la Magnum linakaribia 67, tena ni nene zaidi. Kichwa cha gramu 11.7 kikitoka kwenye .308 kinakwenda takriban mita 800 kwa sekunde. Kwenye Magnum, takriban 900. Kaliba haijaongezeka hata unywele. Kilichoongezeka ni baruti.

Na hili wenye magobore walilijua zamani sana, tangu misafara ya pembe za ndovu ilipoyajaza Unyamwezi. Gobore halina ganda. Unamimina baruti mdomoni mwa mtutu, unashindilia, unatia goroli. Mtutu ni uleule, ila ukizidisha baruti bega lako litakuambia. Mjukuu wa watu hao ndiye leo ananiambia nguvu iko kwenye kaliba!

Halafu ipo 6.5 Creedmoor, iliyotoka kwa Hornady, kampuni ya risasi ya Marekani, mwaka 2007. Kichwa chake ni chembamba, milimita 6.7 (hiyo 6.5 ya jina hupimwa kati ya matuta ya ndani ya mtutu, si kwenye mifereji yake), lakini ni kirefu, hivyo hakipotezi mwendo upesi na upepo hausumbui sana. Haipigi teke kali, ndiyo maana watu huiweka kwenye raifo nyepesi. Kaliba ndogo, masafa marefu. Kinyume chake, .375 Holland & Holland ya 1912 ina tundu pana na kichwa kizito; inasifika kwa nyati wa karibu, si kwa kurusha ng'ambo ya mbuga.

Shotgani ndiyo usiseme. "Namba 12" si kaliba kabisa: ni hesabu ya goroli za madini ya risasi, kila moja ikiwa na upana wa tundu la mtutu huo, zinazofikisha ratili moja. Kwa hiyo namba 20 ni nyembamba kuliko 12.

Basi, ndugu yangu, ukitaka kuisifia bunduki ya mgeni, taja jina lote la risasi yake kama lilivyopigwa chapa kwenye tako la ganda na kwenye mtutu. "Kaliba thelathini" (yaani .30, kama zile tatu za mwanzo) peke yake haitoshi, hata dukani: utauziwa ganda lisiloingia kwenye chemba yako (pale ganda linapokaa nyuma ya mtutu), au baya zaidi, litakaloingia na halikupaswa.