Someni Matendo 6 mpaka mwisho

Jumapili iliyopita, watu walipokuwa wanatoka ibadani, mzee mmoja wa kanisa alinishika mkono akanipeleka nyuma ya jengo, pale tunapoweka majerikeni ya maji. Ni mtu ninayemheshimu sana. Nilipofika hapa Nakivale, kwenye makazi ya wakimbizi, na mke wangu na watoto, mikono mitupu, yeye ndiye aliyetupa godoro la kulalia. Akaniambia kwa sauti ya chini, "Pasta, wiki nzima tunakuona kwenye mstari wa chakula na daftari lako. Neno linasema haipendezi." Hakumalizia, maana alijua kwamba mstari huo ninaujua. Ni Matendo ya Mitume 6:2, maneno ya mitume wenyewe: "Haipendezi sisi kuliacha neno la Mungu na kuhudumu mezani."

Ni mara ya tatu mwaka huu. Wa kwanza alikuwa mhubiri mgeni aliyetoka Mbarara, wa pili kijana wa kwaya. Wote watatu wamenishikia mstari uleule, na wote walimaanisha jambo moja: mchungaji ni wa mimbari, mambo ya chakula awaachie mashirika. Nimechoka kumjibu mmoja mmoja nyuma ya kanisa, kwa hiyo naandika.

Yakobo 2, kwamba imani bila matendo imekufa, mnaijua. Kondoo na mbuzi wa Mathayo 25 mnawajua. Beseni la Yohana 13, Yesu alipowaosha wanafunzi miguu, mnalijua pia. Sitayarudia hayo, kwa sababu hakuna anayenipinga kwa Yakobo. Ninapingwa kwa Matendo 6, basi tukae hapo hapo.

Tuanze na mstari wa kwanza, ambao sijasikia ukitajwa hata mara moja katika mabishano haya. Wayahudi wa Kiyunani walinung'unika kwa sababu wajane wao "walisahauliwa katika huduma ya kila siku". Wajane hao walikuwa Wayahudi kama wenzao, kwa damu na kwa imani, ila lugha yao ilikuwa Kiyunani, na Waebrania waliokuwa wengi pale walisema Kiaramu. Watu wa namna hiyo wengi walikuwa na asili ya ng'ambo, Kirene, Iskanderia na kwingineko. Sura hiyohiyo inawataja mbele kidogo. Sasa mfikirie mjane aliyekuja kuzeekea Yerusalemu: mume amekufa, ndugu wamebaki ng'ambo ya bahari, na anayegawa mkate hazungumzi lugha yake. Luka, mwandishi wa Matendo, hasemi kwamba chakula kilikuwa kidogo. Hasemi kwamba kuna aliyeiba. Anasema walisahauliwa.

Sisi tunaoishi hapa neno hilo hatuhitaji kufafanuliwa. Kwa mnaosoma mkiwa mbali: Nakivale iko wilaya ya Isingiro, kusini magharibi mwa Uganda, na makazi haya yalifunguliwa mwishoni mwa miaka ya 1950 kwa ajili ya Wanyarwanda. Leo tupo Wakongomani, Warundi, Wasomali, Wanyarwanda na wengine, na Wanyankole wenyeji wametuzunguka. Uganda imepokea wakimbizi zaidi ya milioni 1.5, na sheria yake ya mwaka 2006 inaturuhusu kufanya kazi na kusafiri. Tunalima, tunachuuza, na kwa hilo namshukuru Mungu kila asubuhi. Lakini msaada wa chakula umepungua sana. Tangu mwaka 2023 tumegawanywa makundi matatu kulingana na uhitaji, na waliowekwa kundi la tatu waliondolewa kwenye mgao. Kwa hiyo jina kuwemo kwenye karatasi, na kusomwa likasikika, limekuwa jambo la sufuria kuwekwa jikoni au kutowekwa.

Mwaka jana, siku ya mgao, majina yalikuwa yanasomwa kwa kipaza sauti. Aliyesoma alikuwa kijana mwema, mwenye subira, Muganda. Katika Kiganda r na l hupokezana kufuata irabu iliyotangulia, kwa hiyo jina lililoandikwa kwa r mbili, yeye alilitoa kwa l mbili. Mama mmoja wa kanisa letu, mjane aliyetoka Fizi huko Kongo, alikuwa amekaa chini ya mti, hatua kumi hivi kutoka pale, kadi yake iko mapajani. Hakujua kwamba ameitwa. Jina lilisomwa mara mbili, hakuna aliyeitika, karatasi ikawekwa chini ya nyingine. Nilipopita saa kumi jioni alikuwa bado amekaa, ameukunja upande wa kitenge chake akajitandia kichwani kwa ajili ya jua. Nilimuuliza kuna nini. Hakulalamika hata kidogo. Alisema, "Labda wamenisahau, Pasta."

Ni neno lilelile la Luka. Nilirudi nyumbani nikalisoma upya nikashindwa kulala.

Tangu siku hiyo ninasimama karibu na kipaza sauti. Kijana akisoma jina, mimi nalirudia jinsi mama mzazi angelitamka. Ni hilo tu. Ndilo mzee wangu aliloliona haipendezi.

Sasa tuje kwenye neno lenyewe, na hapa mnivumilie kwa sababu hapa ndipo panaponiuma. Mstari wa 1, "huduma ya kila siku": Kiyunani ni diakonia. Mstari wa 2, "kuhudumu mezani": ni kitenzi cha neno hilohilo. Mstari wa 4, mitume wanasema watadumu katika kuomba na "kulihudumia lile neno": diakonia tena. Luka angetaka kutuonyesha kazi mbili, moja ya juu na moja ya chini, asingekosa msamiati. Alikuwa mwandishi mwenye Kiyunani kizuri. Alitumia neno moja kwa mkate na kwa mahubiri, ndani ya mistari minne. Tena Biblia yetu ya Union imelihifadhi hilo vizuri kabisa: huduma, kuhudumu, kulihudumia. Msikilizaji asiyejua herufi moja ya Kiyunani anausikia mzizi uleule ukirudi mara tatu. Watafsiri hawana kosa.

Kosa liko masikioni mwetu. Mwenye kipaza sauti tunamwita "mtumishi wa Mungu", anapewa kiti cha mbele na soda. Mama anayeamka saa tisa usiku kuchemsha posho (ugali) na maharage ya mkutano wa injili tunamwita "mama wa jikoni", na mkutano ukiisha hatumtaji hata kwenye shukrani. Kutumika ni kutumwa na kwenda. Tumelichukua neno la mtu anayetumwa tukalifanya cheo cha mtu anayetuma. Hata shemasi, neno lililotufikia kwa njia ya Kiarabu, asili yake huko Kisiria ni mtu wa kutumika tu. Nimewasikia watu wazima wakigombania ushemasi kana kwamba ni uchifu, na ikifika siku ya kubeba magunia hawaonekani. Linanikasirisha, na sitaki kuficha.

Tazameni pia sifa zilizotakiwa kwa wagawaji: washuhudiwe kuwa wema, wajawe na Roho, na hekima. Kama ni kazi duni, Roho wa nini? Mtu aliyewahi kushika kikombe cha kupimia maharage mbele ya watu mia anajua. Ukimjazia ndugu yako mpaka punje zinamwagika, kisha anayefuata ukampangusia juu kwa kiganja, hakuna mkaguzi atakayekukamata. Kikombe ni kilekile, hesabu ya vikombe ni ileile. Kilichotofautiana ni kiganja, na kiganja kinaufuata moyo. Ndiyo maana mitume waliwawekea watu hao mikono na kuomba kabla hawajagusa mkate.

Wapo wanaoniambia kwamba kanisa kujishughulisha na matumbo na magonjwa ni tabia iliyoletwa na mashirika. Hilo nalijibu upesi. Hospitali ya Mengo ilianzishwa mwaka 1897 na mmisionari daktari, Albert Cook. Ile ya Nsambya ilianzishwa na watawa Wafransisko, Mother Kevin akiwa mmoja wao, mwaka 1903. UNHCR, shirika la Umoja wa Mataifa la wakimbizi, imeundwa mwaka 1950. Hesabu mtafanya wenyewe.

Mambo ninayoyaonea shaka nayataja pia, kwa sababu nikiyaficha nitakuwa nimefanya yaleyale ya kusoma nusu. Katika semina tulifundishwa kwamba wale saba wote wana majina ya Kiyunani, Stefano, Filipo, Prokoro, Nikanori, Timoni, Parmena na Nikolao, na kwa hiyo kanisa liliwapa madaraka walewale waliolalamika. Napenda sana kuamini hivyo na nimewahi kulihubiri kwa nguvu. Lakini Andrea ni jina la Kiyunani, na Filipo mwingine alikuwemo kati ya wale Thenashara, mitume kumi na wawili. Jina peke yake halithibitishi lugha ya mtu. Siku hizi nasema "huenda". Pia Luka hawaiti wale saba mashemasi popote. Cheo hicho tumewapa sisi baadaye. Na lililo gumu zaidi: hakuna mstari unaomwonyesha Stefano akigawa hata kipande cha mkate. Anachaguliwa, na mara anahubiri, anabishana, anapigwa mawe. Filipo naye tunamkuta Samaria akihubiri. Mpinzani wangu anaweza kusema, unaona, hata waliowekwa mezani walikimbilia kwenye Neno. Mimi naona kinyume chake, kwamba aliyefaa meza alifaa na mimbari. Lakini maandiko hayanipi haki ya kupiga meza ngumi juu ya hilo.

Na kuna mahali mzee wangu ana haki kabisa. Mitume walikataa kitu. Walikataa watu kumi na wawili kushika kila kazi. Mwezi wa tano nilisimama mbele ya kanisa na mahubiri ambayo hayakuiva. Nilikuwa nimeshinda siku nne kwenye mgao, na Jumamosi usiku nililala juu ya Biblia iliyofunguliwa. Watu walisema amina kwa huruma. Kwa hiyo Matendo 6 inanishtaki kweli, ila si kwa kosa ninaloshtakiwa. Hainishtaki kwa kusimama mezani. Inaniuliza, wale saba wako wapi? Miaka yote hii sijawatafuta. Nilipenda daftari likae mikononi mwangu.

Hilo daftari ndilo lililonipiga zaidi. Kanisa lina ploti ndogo. Tunalima mahindi na maharage, na mavuno tunawagawia wajane. Orodha naiandika mimi. Jumapili ile, baada ya maneno ya mzee, niliketi nyumbani nikaifungua ili nijitetee, nione wema wangu kwa wino. Majina ishirini na tatu. Mimi ni Mfuliiru wa Kongo. Kumi na sita ni Wafuliiru wenzangu, watano ni Wabembe wa kwetu Kivu ya Kusini, wawili ni Wanyarwanda. Warundi hakuna. Nao akina mama wa Kirundi wanakaa upande wa kushoto, karibu na dirisha, kila Jumapili. Nawasalimia kwa mkono mlangoni. Wanne kati yao ninajua ni wajane, na wawili kati ya hao niliwazikia waume. Sikuwahi kuwachukia. Hawakuja kuniomba, kwa kuwa Kiswahili chao kinakwama, nami sikwenda kuwauliza, kwa kuwa Kirundi changu ni cha salamu tu. Mavuno mawili yamepita hivyo.

Nilikuwa nimesimama kwenye kipaza sauti nikirekebisha r na l za mtu mwingine.

Jumanne niliita kikao. Niliwasomea mstari wa 1 mpaka wa 7, wote, pamoja na ule wa mwisho ambako neno la Mungu linaenea na hata makuhani wanaitii imani, na ambao Luka ameuweka baada ya suala la chakula kutengenezwa. Nikawasomea na daftari. Kulikuwa na kimya kirefu. Mzee wangu wa godoro alikuwepo, akaomba daftari, akalipitisha kidole jina kwa jina. Hakusema lolote kuhusu haipendezi. Alisema, "Basi tuchague."

Saba hatujawapata. Tumepata watano: akina mama watatu, vijana wawili, na kati yao Warundi ni wawili. Kuna waliouliza kama wanawake wanaweza kuwekewa mikono kwa kazi hiyo. Niliwaelekeza kwa Fibi, dada ambaye Warumi 16:1 inamwita mhudumu wa kanisa la Kenkrea, tukaendelea.

Juzi nilimpelekea mmoja wa akina mama hao wa Kirundi orodha mpya aihakiki, kwa kuwa mgao ujao ndiye atakayesoma yeye. Alisoma kwa mdomo, polepole, akafika katikati akacheka kidogo kisha akaomba kalamu. Jina la jirani yake nilikuwa nimelianza kwa Nda. Alifuta d akaandika t. Akanieleza kwamba kwa Kirundi anayeitwa kwa Nda anasimulia habari zake mwenyewe, na anayeitwa kwa Nta anasema kwamba kitu fulani hakipo. Nikibadilisha herufi hiyo nimembadilishia mtu alichoitwa na wazazi wake. Kisha akanitaka nilitamke jina lote. Nilikosea. Akalirudia, nami nikamfuata, mara ya pili, mara ya tatu, mpaka akaitikia kwa kichwa na kushuka kwenye jina linalofuata.