Ukoka wa Mabamba: Usawa Hutoka Ardhini

Wengi wanaoagiza mabamba ya ukoka, yaani vipande vya nyasi vilivyokatwa pamoja na mizizi na udongo wake, huamini kwamba nyasi zitaficha mabonde na vilima vya kiwanja. Haiwi hivyo. Bamba lina unene wa sentimita chache tu na hulala kwa kufuata umbo la ardhi iliyo chini yake. Penye shimo maji ya mvua hutuama, na penye kilima mashine ya kukatia nyasi hunyoa mpaka udongo ukaonekana.

Dhana inayoharibu viwanja vingi zaidi, kwa maoni yangu, ni kwamba ardhi ikishapigwa reki inaweza kufunikwa siku hiyo hiyo. Udongo uliolimwa umejaa hewa, nao hushuka kwa viwango tofauti, hasa palipojazwa kifusi au palipofukiwa bomba la maji taka. Inatakiwa ulimwe kwa kina cha sentimita 15 hadi 20, mawe na mabaki ya saruji yaondolewe, kisha ukanyagwe kwa visigino kiwanja kizima, upigwe reki, na kazi hiyo irudiwe kwa kuelekea upande mwingine. Baada ya hapo umwagiliwe na kuachwa wiki kadhaa, ili ushuke na magugu yaliyofichika yaote na kung'olewa. Ndago ichimbwe pamoja na viazi vyake vidogo vya chini, kwa sababu ikikatwa juu tu huchipua upya na kupenya katikati ya ukoka.

Wapo pia wanaodhani kwamba kiwanja sawa ni kile kisicho na mteremko wowote. Karibu na nyumba, mteremko wa sentimita 1 hadi 2 kwa kila mita, unaoelekea mbali na ukuta, ndio unaookoa msingi na mizizi wakati wa masika. Upimwe kwa vigingi, kamba na pima maji, kwa kuwa macho hudanganywa kwa urahisi na ukuta au uzio ulio karibu.

Kuhusu mchanga, kiasi kidogo kikichanganywa na udongo mweusi wa mfinyanzi, kama ule wa sehemu nyingi za Nairobi, hakiulegezi. Mboji au samadi iliyooza vizuri husaidia zaidi. Samadi mbichi isitumike, kwani huunguza mizizi na huleta mbegu za magugu.

Siku ya kutandika, ardhi iwe na unyevu, na mabamba yasikae yamerundikwa kwa siku kadhaa, maana hupata joto na kugeuka manjano. Viungo vyake vipishane kama matofali ya ukutani, kingo zigusane bila kupandana, na fundi asimame juu ya ubao ili asiache nyayo katika ardhi aliyokwisha kuisawazisha. Penye bonde, bamba liinuliwe na udongo uongezwe chini yake. Kulipiga kwa nguvu ili lilingane na jirani yake hugandamiza udongo tu.

Dhana ya mwisho ni kwamba kunyunyizia juu juu kila jioni kunatosha. Katika wiki mbili za kwanza maji lazima yapenye bamba na kufika udongo wa chini, jambo linalothibitishwa kwa kuinua pembe moja na kupapasa kwa kidole. Pembe hiyo ikikataa kuinuka, mizizi imeshika. Hapo umwagiliaji upunguzwe siku lakini uende kina, na nyasi zikatwe kwa mara ya kwanza bila kuondoa zaidi ya theluthi moja ya urefu wake.