Marumaru si kigae, wala si jiwe la chokaa lililozeeka

Ingia duka la vifaa vya ujenzi, ulizia marumaru: utaoneshwa vigae. Vigae hivyo ni udongo uliochomwa kiwandani, hamna hata chembe ya marumaru ndani yake. Nasikitika neno lilivyohama, maana jiwe lenyewe lina historia ya ajabu. Marumaru halisi huzaliwa chini ya ardhi, na mzazi wake ni jiwe la chokaa.

"Jiwe la chokaa likikaa sana hugeuka marumaru."

Hili hulisikia hata kwa waliosoma jiografia. Umri peke yake haugeuzi jiwe. Mapango ya Amboni, Tanga, yamo ndani ya jiwe la chokaa la kipindi cha Jura, kilichoanza takriban miaka milioni 201 iliyopita na kwisha milioni 145 iliyopita. Marumaru ya Carrara, Italia, ambayo Michelangelo aliichonga sanamu ya Daudi kati ya 1501 na 1504, nayo ilianza kama mashapo ya chokaa baharini katika kipindi hichohicho. Rika moja, lakini la Amboni ni chokaa mpaka leo. La Carrara lilizamishwa kina kirefu wakati ardhi ilipojikunja na kuinua milima. Huko likakutana na joto la mamia ya nyuzi na mgandamizo mkubwa. Hapo ndipo lilipogeuka.

"Basi liliyeyuka, kisha likaganda."

Lingeyeyuka tungeliweka kwenye miamba ya moto, pamoja na graniti. Halikuyeyuka. Likiwa bado gumu, chembe zake za kalsaiti, madini yanayoliunda, zilijipanga upya na kukua, na masalia ya viumbe yakafutika. Ndiyo maana jiwe la chokaa ni mwamba wa mashapo na marumaru ni mwamba geu, ingawa kemikali kuu ni ileile, kalsiamu kaboneti. Tazama kuta za Fort Jesus, Mombasa, ambayo Wareno walianza kuijenga 1593: mawe yake ni jiwe la chokaa la matumbawe, na umbo la matumbawe hayo bado linaonekana. Kwenye marumaru iliyovunjika utaona punje zinazometameta kama sukari.

"Kama ni joto, tanuri la chokaa lingetoa marumaru."

Swali zuri, na watu wa pwani wana haki ya kuliuliza, maana wamechoma mawe ya matumbawe kwa karne nyingi. Tanurini gesi ya kabonidayoksaidi hutoroka, na kinachobaki ni chokaa ya kujengea na kupaka. Chini ya ardhi mgandamizo huibana gesi hiyo isitoke, kwa hiyo jiwe hubaki na kemikali yake.

"Marumaru haidhuriki."

Kalsaiti ina ugumu wa 3 tu katika kipimo cha Mohs, kinachoishia 10. Kisu huikwaruza. Maji ya ndimu hula mng'ao wake, kwa hiyo usikatie ndimu juu ya meza ya marumaru.

Jihadhari pia sokoni: wauzaji wa mawe huita marumaru hata jiwe la chokaa, mradi linakubali kung'arishwa. Angalia uso wake kwa makini kabla ya kulipa. Ukiona kombe au konokono mzima amelala ndani, hilo ni jiwe la chokaa.